Fundi wa Mishale

Hapa Grogan, kati ya muuza betri na kibanda cha madondo,
mimi hutengeneza saa za pikipiki,
zile za kuonyesha mwendo, si za kuonyesha wakati,
ingawa wateja wangu huzichanganya.

Nimezifungua mia kadhaa. Ndani hamna siri:
sumaku ndogo, kikombe cha bati,
springi nyembamba kama unywele wa mtoto,
na uso uliochapwa nambari.
Kiwanda kiliandika mia na arobaini
vile mzazi humwita mwanawe Waziri
akiwa bado ananyonya.

"Yangu inakata mia na ishirini, Kilonzi, nakuapia,"
akasema Wekulo wa steji ya Umoja.
"Juzi mshale uligonga ukuta."
Mshale umefika, nikamwambia. Wewe ulikuwa wapi?

Basi Jumapili, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
tukaenda Bypass ya Mashariki, ng'ambo ya Utawala,
kabla malori ya mchanga hayajaamka.
Nilikuwa nimeipima kilomita moja kwa kamba ya mita hamsini,
mara ishirini, nikihesabu kwa vizibo vya soda mfukoni,
toka nguzo yenye bango la mganga
hadi kalivati iliyobomoka.

Wekulo alilala juu ya tangi,
kidevu kwenye dashibodi, viwiko ndani,
koti la mvua amelifunga kwa kipande cha tyubu.
Akaja. Mlio kwanza wa cherehani,
kisha wa cherehani inayoshona bati.

Sekunde arobaini na moja.
Nikapiga hesabu kiganjani kwa kalamu, nikarudia:
themanini na saba na ushei.
Mshale wake uliapa mia na tano.

Tukarudia, upepo mgongoni: thelathini na nane.
Tukarudia nimepakiwa nyuma, upepo usoni,
mimi na kilo zangu tisini na moja: hamsini na mbili.
Probox ya miraa ikatupita,
dereva akipiga mswaki.

"Simu yako ni mbovu," akasema Wekulo.

Injini hizi tunazipima kwa sisi.
Sisi mia. Sisi mia na ishirini na tano.
Neno lenyewe hunichekesha
nionapo watu wanne kwenye kiti kimoja, na godoro,
wakipanda Valley Road kwa gia ya pili:
sisi wanne tukigawana sisi mia,
kila mmoja apate ngapi?

Jumatano akaniletea saa yake, niinyooshe iseme kweli.
Nikaikaza. Akalipa mia mbili.
Ijumaa huyo, kofia mkononi.
"Umeiua. Imekuwa nzito.
Abiria wanachungulia begani, wanaona sabini, wanacheka."
Na Gikomba ulifika saa ngapi?
"Saa ile ile."
Akatazama kofia yake, ndani, kama ameacha kitu humo.
"Nirudishie mia na tano yangu."

Nikamrudishia, na mia mbili zake pia.
Ni kazi nyepesi: unailegeza springi
kiasi cha uzi mmoja.

Zingine huletwa na shemeji, zimefungwa kwenye gazeti,
kioo kimepasuka, mshale umekwama.
Wanauliza kama itauzika.
Mimi huisoma kwanza, kimoyomoyo.
Hamsini na tano. Arobaini. Arobaini na mbili.
Kwa miaka kumi na mmoja sijaona hata moja
iliyokwama kwenye mia.

Piki yangu mwenyewe haina saa.
Pale pana tundu la duara; naweka humo karanga.
Jioni narudi Dandora kwa kubahatisha:
ukanda wa kofia ukianza kunichapa shingoni, ni hamsini.
Machozi yakitoka, ni sabini.
Kupita hapo sijui.
Karanga huanza kumwagika.